Aliyepiga Mpira wa Adhabu

Hotuba niliyoitoa Mombasa siku ya kufunga kozi ya makocha wa leseni ya D ya CAF, Shirikisho la Soka Afrika. Nimeiandika upya kwa ajili ya waliokosa kufika.

Makocha wenzangu, wazazi mliokuja, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha: assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Siku ya tatu ya kozi hii, mmoja wenu alinirudishia karatasi ya mpango wa mazoezi ikiwa tupu. Simtaji, na hakuna ubaya kati yetu, tulizungumza yakaisha. Aliniambia kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mimi nimecheza miaka kumi na miwili. Haya mambo yamo kichwani." Nilimwelewa, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wake. Lakini usiku ule usingizi ulichelewa. Nikawa namfikiria mtu mmoja aliyecheza mpira mkubwa kuliko sisi sote tuliomo ukumbini tukijumlishwa, na bado akakubali kurudi kuwa mwanafunzi. Huyo ndiye nitakayemzungumzia jioni hii: Benni McCarthy.

Wengi wenu mnamjua kama kocha aliyekabidhiwa Harambee Stars Machi 2025. Mimi nilimjua usiku mmoja wa Machi 2004, katika kibanda cha kuonyeshea mpira kule Kisauni. Mabati juu, mabenchi ya mbao chini, feni moja inayozungusha joto, na televisheni imefungiwa katika kizimba cha chuma kama ndege. Saa tano kasorobo usiku, mechi inaanza: Manchester United na Porto, marudiano, Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kibanda kizima ni Manchester. Scholes akafunga, watu wakasimama juu ya mabenchi. Akafunga tena, mwamuzi akakataa akisema ameotea, na marudio yakaonyesha hakuwa ameotea. Hata hivyo, matokeo yakibaki vile, Manchester inapita.

Dakika ya 90 Porto wakapata mpira wa adhabu. Ukapigwa, kipa Tim Howard akautema, Costinha akaukuta na kuumalizia wavuni. Kibanda kikanyamaza mpaka feni ikasikika. Mourinho, kocha wa Porto, akatoka mbio kando ya uwanja na koti lake, na mbio zile zinaonyeshwa hadi leo kwenye kila simu.

Nimewauliza watu wengi swali hili na wachache sana hulijibu. Mpira wa adhabu ule nani aliupiga? Costinha anajulikana. Mourinho anajulikana, na Howard, maskini, anajulikana vilevile. Aliyeupiga ni Benni McCarthy. Na wiki mbili kabla, kule Porto, United walipofungwa 2-1, mabao yote mawili ya Porto yalikuwa yake. Mwezi Mei mwaka huohuo, Gelsenkirchen, Porto wakaipiga Monaco 3-0, naye akaingia kutoka benchi katika fainali. Kijana wa Afrika Kusini akawa bingwa wa Ulaya, na hakuna mwanamume mwingine wa nchi yake aliyewahi kulitwaa kombe hilo.

Alikotoka ni Hanover Park, kwenye Cape Flats, nje ya jiji la Cape Town. Mitaa ile ilijengwa na serikali ya ubaguzi wa rangi ili kuwatupia huko watu iliowaita Machotara, baada ya kuwang'oa katika nyumba zao katikati ya jiji. Magenge yakazaliwa humo. McCarthy alizaliwa Novemba 1977. Alipofika miaka 19 alikwisha kupanda ndege kwenda Ajax ya Amsterdam, na msimu wake wa kwanza wakatwaa ligi na kombe.

Februari 1998 akaenda Burkina Faso kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika. Dhidi ya Namibia alifunga mabao manne katika dakika 13. Dakika kumi na tatu! Akamaliza mashindano akiwa na mabao saba, mfungaji bora pamoja na Hossam Hassan wa Misri, na akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Fainali wakafungwa 2-0 na hao hao Misri. Juni mwaka huo, Toulouse, Ufaransa, akaifungia Afrika Kusini bao lake la kwanza kabisa katika Kombe la Dunia, dhidi ya Denmark. Ana miaka 20.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisemi hivyo kwa kumsuta. Nasema kwa sababu sote tunawajua wachezaji wetu waliosifiwa mapema, na tunajua walikoishia.

Sasa nataka tukae kidogo Vigo, kwa sababu hapo ndipo penye somo la kocha kuliko hata Gelsenkirchen.

Mwaka 1999 Celta Vigo ya Uhispania ilimnunua kwa pesa nyingi. Alionyesha mambo: Machi 2000 waliinyuka Juventus 4-0, mawili yakiwa ya kwake. Lakini nafasi ikawa finyu. Benchi, dakika kumi za mwisho, benchi tena. Mshambuliaji asipocheza huanza kupiga mpira kwa hasira, mnajua wenyewe. Mwanzoni mwa 2002 akapelekwa Porto kwa mkopo. Mourinho naye alikuwa mgeni pale, ndiyo kwanza amepewa timu. McCarthy akacheza mechi 11 za ligi, akafunga mabao 12.

Makocha wenzangu, tulieni hapo. Kutoka Vigo hadi Porto ni kilomita 150 hivi, mwendo wa kutoka hapa Mombasa mpaka Voi. Mtu ni yuleyule. Miguu ileile, kichwa kilekile, hata njumu labda ni zilezile. Upande mmoja wa mpaka ni mchezaji wa kuingizwa mechi ikikaribia kuisha, upande wa pili hakamatiki. Kilichobadilika ni nini? Alimpata mwalimu aliyempa jezi na kumwambia kazi yake ni ipi. Mimi nikiwa na mtoto anayesinzia uwanjani, kabla ya kumwita mvivu najiuliza kwanza: huyu yuko Vigo au yuko Porto? Na ikiwa yuko Vigo, Vigo ni mimi.

Porto hawakuwa na pesa ya kumnunua. Akarudishwa Vigo. Msimu uliofuata Porto wakatwaa Kombe la UEFA bila yeye. Mwaka mzima ule alikaa kilomita 150 kutoka mahali alipokuwa na furaha. Waliponunua mkataba wake 2003, alifunga mabao 20 ya ligi akawa mfungaji bora wa Ureno, na Ligi ya Mabingwa juu yake.

Uingereza nitapita haraka. Blackburn Rovers, msimu wa 2006-07, mabao 18 ya ligi, wa pili nyuma ya Drogba aliyekuwa na 20. Kwa timu kama Blackburn hilo si jambo dogo. Mwanzoni mwa 2010 akahamia West Ham, na huko mambo yakaharibika. Majeraha, uzito ukampanda, hakufunga hata bao moja la ligi, na mwaka 2011 mkataba ukavunjwa.

Katikati ya hayo likatokea lile ambalo mimi kama mchezaji wa zamani nalihisi kifuani hadi leo. Kombe la Dunia la 2010 lilichezwa nyumbani kwao. Mara ya kwanza Afrika. Mfungaji wa bao la kwanza la nchi yake katika Kombe la Dunia, mwenye mabao 31 ya taifa, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia, na orodha ya kocha Carlos Alberto Parreira ikasomwa bila jina lake. Hakuwa fiti, ndivyo ilivyoamuliwa, na simlaumu Parreira, kwani kocha hapangi timu kwa kumbukumbu. Lakini fikirieni kuishi katika nchi ile mwezi ule, kila ukuta una bendera, vuvuzela zinalia mpaka usiku wa manane, na wewe uko nje.

Niruhusuni niseme langu dogo. Mimi goti langu lilipochanika, klabu yangu, ambayo haina haja ya kutajwa, haikuniita kuniambia lolote. Nilikuta orodha ya msimu mpya imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Nikasoma kutoka juu hadi chini, nikarudia tena nikidhani nimejiruka. Nyuma yangu alikuwepo kijana mgeni anangoja nipishe ili na yeye asome. Nikapisha. Kutoka siku ile mpaka leo sijawahi kumwacha mchezaji kwa karatasi. Hata awe wa miaka tisa, namwita pembeni, nachuchumaa, namwangalia usoni, namweleza. Hilo haliko katika kitabu cha kozi. Naomba mlitoe hapa mwende nalo.

McCarthy hakumalizia mpira wake pale. Alirudi nyumbani, Orlando Pirates, akatwaa nao ubingwa wa ligi 2012, akastaafu mwaka uliofuata. Uholanzi, Uhispania, Ureno, Uingereza, kisha nyumbani: nchi nne za Ulaya, lugha nne za kusikilizia maelekezo ya kocha. Kila mahali mpira una namna yake ya kufundishwa, na yeye alikuwa amekalia benchi zote hizo.

Na hapa ndipo ninapomrudia ndugu yangu wa karatasi tupu. Mtu mwenye medali ya bingwa wa Ulaya angeweza kusema, haya mambo yamo kichwani. Klabu ingempa timu kubwa kwa jina tu. Yeye alikwenda Ubelgiji kuwa msaidizi wa kocha katika Sint-Truiden. Msaidizi! Kazi ya msaidizi mnaijua nyinyi. Unasimama hatua moja nyuma ya mwingine, uamuzi si wako, na picha magazetini si zako. Akasoma, akapanda ngazi za leseni, na mwaka 2017 ndipo akapewa Cape Town City.

Fainali yake ya kwanza ya MTN8, kombe la huko Afrika Kusini, akashindwa na SuperSport United kwa mikwaju ya penalti. Mwaka uliofuata, 2018, fainali ileile, SuperSport walewale, mikwaju ileile, na safari hii kombe likawa lake. Novemba 2019, baada ya mechi nyingi bila ushindi, akaachishwa kazi. Ndugu zangu, kikombe ulichokitwaa jana hakikulindi leo, msije mkasema hatukuwaambia.

Desemba 2020 AmaZulu ya Durban wakamchukua wakiwa chini katika msimamo wa ligi. Msimu ukaisha wakiwa wa pili nyuma ya Mamelodi Sundowns, na klabu ile kongwe ikaingia Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza, naye akatangazwa kocha bora wa msimu. Wakapangiwa nani? TP Mazembe, mabingwa mara tano wa Afrika. Durban ikawa 0-0. Kila mtu akajua itakavyokuwa Lubumbashi. Ndugu zetu Waswahili wa Katanga wanajua timu ngapi zimekwenda pale zikarudi zimeinamisha vichwa. AmaZulu wakatoka 1-1, na bao lao la ugenini likahesabika zaidi, likawavusha. Hiyo ilikuwa Oktoba 2021. Machi 2022 akaachishwa tena. Na Julai mwaka huohuo kocha Erik ten Hag akamwita Manchester United awe kocha wa washambuliaji.

Yaani kijana aliyekinyamazisha kile kibanda cha Kisauni sasa anaingia Old Trafford kufundisha watu kufunga! Msimu wake wa kwanza Marcus Rashford alifunga mabao 30 katika mashindano yote. Sitasema yote ni kazi ya McCarthy, kwani kocha wa kweli hajipi mabao ya mchezaji. Wakatwaa Kombe la Ligi 2023 na Kombe la FA 2024, kisha mkataba wake ukaisha.

Sasa tufike kwetu.

Jumapili ya tarehe 10 Agosti 2025 nilikuwa Kasarani. Nilipanda basi la usiku kutoka Mwembe Tayari pamoja na mpwa wangu, tukafika Nairobi tukitetemeka kwa baridi ile ya Agosti. CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani peke yao, na Kenya haikuwahi kuyacheza hata mara moja. Hakuna mshambuliaji wetu Olunga, hakuna wa Ulaya. Vijana wa Gor Mahia, wa Tusker, wa Kenya Police. Walikwisha kuifunga DR Congo 1-0 na kutoka sare na Angola 1-1. Siku ile ni Morocco, ambao ndio baadaye walilichukua kombe.

Dakika ya 42 Ryan Ogam akafunga. Sitaki kueleza kelele, aliyekuwepo anajua. Kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akapewa kadi nyekundu. Tukabaki kumi, dakika 45 nzima mbele yetu, na mbele yetu tena ni Morocco.

Kipindi kile sikuangalia mpira. Ndiyo, nilisafiri kilomita karibu 500 nisiangalie mpira. Niliangalia umbali kati ya mabeki wetu na viungo wetu. Jaribuni siku moja, mtaona mechi nyingine kabisa. Morocco wakipeleka mpira kulia, kundi lote letu linasogea kulia, kama watu walioshikana mikono gizani. Wakigeuza kushoto, kundi linateleza kushoto. Hakuna aliyechomoka peke yake kwa ujasiri wa kijinga. Mwaka mmoja nyuma vijana walewale wangekimbizana na mpira kama kuku. Haya mtu hayafanyi kwa sababu kocha wake aliwahi kuifunga Manchester. Anayafanya kwa sababu yamerudiwa mazoezini Jumanne, yakarudiwa Jumatano, mpaka mchezaji akachoka kuyasikia. Mahali fulani kuna karatasi iliyoandikwa mazoezi hayo, dakika kwa dakika. 1-0 ikabaki 1-0.

Kisha Zambia, 1-0, Ogam tena. Pointi kumi, vinara wa kundi. Ogam akaondoka kwenda Wolfsberger ya Austria. Kijana wa ligi yetu!

Robo fainali, tarehe 22 Agosti, Madagascar. Alphonse Omija akafunga kwa kichwa mwanzoni mwa kipindi cha pili, Madagascar wakasawazisha kwa penalti, 1-1, tukaenda kwenye mikwaju, 4-3, tukatoka. Usiku huohuo Tanzania walitolewa na Morocco pale uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, na kesho yake Uganda wakatolewa na Senegal. Wenyeji wote watatu wa mashindano, sisi, Tanzania na Uganda, tukaishia robo fainali. Mpwa wangu alilia kwenye basi mpaka Mtito Andei.

Na sitawaficha yaliyofuata, maana nikiyaficha nitakuwa nimewauzia hadithi. Septemba, Kasarani hiyohiyo, Gambia walitufunga 3-1. Novemba, kule Antalya, Uturuki, Senegal walitupiga 8-0. Nane. Niliizima televisheni ikiwa sita, nikaona aibu, nikaiwasha tena, kwa sababu kocha haondoki timu ikifungwa sita. Kulikuwa na watu waliosema Agosti kuwa McCarthy ni mtume, na walewale Novemba wakasema hajui kitu. Si kweli Agosti, wala si kweli Novemba. Ni mwalimu. Ana siku nzuri na siku mbaya, na kesho yake asubuhi anapaswa kusimama mbele ya vijana walewale awaambie kitu cha maana.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Watoto mnaowafundisha nyinyi hawatakuwa katika timu ile, bado wadogo. Wao ni wa baada ya hapo. Nani atakuwa kocha wa taifa wakati huo simjui, na wala halinisumbui. Kinachonisumbua ni yule mtoto wa Likoni mwenye umri wa miaka kumi leo, ambaye mwalimu wake wa kwanza ni mmoja wenu. Atakayemfundisha kusogea na kundi ni wewe. Yeyote atakayekuja juu atamkuta amekwisha kufundishwa au amekwisha kuharibiwa.

Ndugu yangu wa karatasi tupu aliniletea nyingine siku ya tano. Zoezi la kupasiana watu wanne kwa wawili, dakika 12, mapumziko ya maji, kisha mchezo wenye magoli madogo. Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Salim asikae nje mara mbili." Salim ni jina nimelibadilisha, lakini mtoto yupo. Nilipoisoma sentensi ile nilimpa alama zote.

Vyeti viko mezani. Kesho saa kumi jioni tuko uwanjani na watoto arobaini na mipira minne, ndiyo tuliyonayo. Kila mmoja aje na mpango wake nimwone nao kabla filimbi haijalia. Na nyinyi vijana wa mlangoni, njumu zenu msizisahau.